Kosa Linafutika au Halifutiki? Njia ya Kuzielewa Aina za Sanaa na Mbinu Zake

Ukiingia kwenye jumba la makumbusho ya sanaa, pembeni ya kila kazi utakuta kibandiko kidogo chenye jina la msanii, jina la kazi, mwaka, halafu mstari mmoja ambao wengi huuruka. Mstari huo husema "mafuta juu ya turubai", au "shaba", au "chapa ya ubao". Kwangu mimi huo ndio mstari wenye habari nyingi kuliko yote. Unakueleza msanii alikuwa anashindana na kitu gani, alikuwa na muda kiasi gani, na kama mkono ungeteleza angefanyaje.

Kwanza tutenganishe mambo ambayo huchanganywa sana. Mtu akiulizwa anazijua aina gani za sanaa, atataja kwa pumzi moja uchoraji, sanamu, picha za sura za watu, rangi za mafuta, impreshoni, filamu. Kila jina hapo ni sahihi, lakini yanajibu maswali manne tofauti. Swali la kwanza ni la nyenzo: kazi imetengenezwa kwa kitu gani? Jiwe, udongo, mafuta, sauti, mwili wa mtu. La pili ni la mbinu: nyenzo hiyo imefanywa nini? Imechongwa, imesubiwa (yaani imeyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), imepakwa tabaka juu ya tabaka. La tatu ni la mtindo, yaani namna ya kuona na kuonyesha ambayo kundi au kizazi fulani cha wasanii hukubaliana nayo. La nne ni la mada: kazi inaonyesha nini?

Chukua picha ya bandari ya Le Havre aliyoichora Claude Monet mwaka 1872. Nyenzo ni rangi za mafuta na turubai. Mbinu ni mipigo mifupi ya brashi iliyoachwa ionekane wazi. Mada ni bandari jua linapochomoza. Mtindo ulipata jina la impreshoni baadaye, picha hiyo ilipoonyeshwa Paris mwaka 1874 na mhakiki Louis Leroy akalichukua neno "impression" kutoka kwenye jina la picha ili kuwabeza Monet na wenzake. Kabla ya hapo nyenzo ilikuwepo, mbinu ilikuwepo, mada ilikuwepo, na mtindo haukuwa na jina. Ukiyaweka maswali haya manne mbalimbali, nusu ya utata wa sanaa unaondoka.

Mtindo na mada vimeandikwa sana. Hapa nitakaa na nyenzo na mbinu, kwa sababu mtazamaji wa kawaida huachiwa akisie mwenyewe.

Unga na gundi

Rangi yoyote ya kuchorea, iwe ya karne ya 15 au ya leo, ina sehemu mbili: unga wenye rangi yenyewe, na kitu cha kuushika unga huo usipukutike. Unga unaweza kuwa uleule katika kazi zisizofanana hata kidogo. Bluu iliyothaminiwa kuliko zote katika Ulaya ya zamani ilitokana na jiwe la lazuli lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan, likasagwa na kusafishwa kwa kazi ndefu. Bei yake ilishindana na dhahabu mpaka Wafaransa walipofanikiwa kuitengeneza kiwandani miaka ya 1820. Ukiukoroga unga huo na kiini cha yai, unapata uchoraji wa aina moja. Ukiukoroga na mafuta, unapata mwingine. Ukitumia gundi ya mgunga, ni mwingine tena. Gundi ndiyo inayoamua rangi itakauka baada ya muda gani, mwanga utapenya ndani yake kiasi gani, na msanii ataweza kurudia alipokosea au la.

Tuanze na mbinu ngumu kuliko zote, ile ya kuchora kwenye lipu mbichi, ambayo hujulikana kama freski. Ukuta hupigwa lipu ya chokaa na mchanga, na kabla haijakauka mchoraji hupaka unga wa rangi uliochanganywa na maji matupu. Gundi haipo. Chokaa inapokauka huvuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kugeuka tena kuwa jiwe la chokaa, rangi zikiwa zimenaswa ndani yake. Picha inakuwa sehemu ya ukuta, na ndiyo maana inaweza kudumu karne nyingi bila kubanduka.

Gharama yake ni muda. Lipu ikishashika, rangi haiingii tena. Kwa hiyo kazi hugawanywa vipande vya siku moja moja: asubuhi hupigwa lipu kwenye sehemu ile tu ambayo mchoraji ana hakika ataimaliza kabla haijakauka, na kinachobaki bila kuchorwa hukatwa na kuondolewa. Kwenye dari la kanisa la Sistine huko Vatikani, alilolichora Michelangelo kati ya mwaka 1508 na 1512, maungio ya vipande hivyo yanaonekana kwa anayepanda kulitazama kwa karibu, na wataalamu huyafuata kujua sura ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Kosa kubwa katika freski lina tiba moja tu, kubomoa lipu na kuanza upya. Michelangelo mwenyewe alikutwa na hilo mapema, lipu yake ilipoota ukungu.

Leonardo da Vinci hakuweza kuvumilia sharti hilo. Alikuwa mtu wa kutazama, kusita, kurudi siku ya pili na kubadilisha kidole kimoja. Alipopewa ukuta wa ukumbi wa kulia chakula wa watawa wa Santa Maria delle Grazie mjini Milano, akauchora karamu ya mwisho ya Yesu kati ya mwaka 1495 na 1498 kwa njia yake mwenyewe, juu ya lipu kavu, ili apate nafasi ya kurekebisha. Nafasi aliipata. Lakini rangi ilikuwa imekaa juu ya ukuta tu, haikuingia ndani, na ilianza kubanduka yeye akiwa bado hai. Ukarabati wa mwisho uliomalizika mwaka 1999 ulichukua zaidi ya miaka 20. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi hivi kwamba kuchagua mbinu ni kuchagua utapoteza nini.

Kiini cha yai nacho hukauka haraka, ndani ya dakika chache, kwa hiyo rangi mbili hazichanganyiki vizuri zikiwa tayari ubaoni. Wachoraji wa zamani walivuka kikwazo hicho kwa kuweka mistari myembamba mingi sana sambamba, mwepesi pembeni ya mzito, mpaka jicho lenyewe lichanganye. Ukisogelea picha ya mbao ya Italia ya karne ya 14, utaiona mistari hiyo kwenye mashavu ya Bikira Maria.

Mafuta yalibadilisha mengi. Inasemwa mara kwa mara kwamba Jan van Eyck, mchoraji wa karne ya 15 wa Flanders (sehemu ya Ubelgiji ya leo), ndiye aliyevumbua rangi za mafuta, na si kweli. Huko Bamiyan, Afghanistan, kuna michoro ya mapangoni ya takriban karne ya 7 yenye mafuta ndani yake. Alichofanya van Eyck ni kuyafikisha mafuta mahali ambapo hayakuwahi kufika. Mafuta ya mbegu za kitani hayakauki kwa maji kuyeyuka hewani. Yenyewe huvuta oksijeni na kugeuka taratibu kuwa utando mgumu, na tabaka nene linaweza kuchukua miezi. Mchoraji ana siku nzima, hata siku kadhaa, za kulainisha mpaka wa kivuli na mwanga, kufuta kwa kitambaa, kuweka tena.

Jambo la pili ambalo mafuta yalibadilisha ni mwanga. Mafuta yenye unga kidogo hupitisha mwanga. Ukipaka tabaka jembamba la nyekundu juu ya tabaka la rangi ya waridi lililokwisha kukauka, mwanga hupenya nyekundu, hugonga tabaka la chini, kisha hurudi machoni ukiwa umepita rangi mara mbili. Wekundu huo hauwezi kupatikana kwa kukoroga rangi kwenye kibao. Itazame picha ya van Eyck ya mwaka 1434 ya mume na mke waliosimama chumbani, iliyoko National Gallery, London. Ina urefu wa sentimita 82 tu, imechorwa kwenye mbao za mwaloni, na nyuma ya wale wawili kuna kioo cha mviringo ambamo chumba kizima kinaonekana tena kwa udogo, pamoja na watu wawili mlangoni. Kwa rangi inayokauka kwa dakika tano, kioo kile kingekuwa mateso.

Uhuru huo nao una sheria yake. Tabaka la juu lazima liwe na mafuta mengi kuliko la chini. Ukigeuza, la juu litakauka kwanza, la chini litaendelea kujivuta polepole, na uso wa picha utapasuka. Mwanafunzi anayeanza hujifunza sheria hii mapema, na baadhi ya picha zenye nyufa ni za waliokuwa na haraka.

Rangi za maji hufuata njia ya kinyume. Gundi yake ni utomvu wa mgunga, na nyeupe ya picha ni karatasi yenyewe. Mchoraji huanza na vyepesi na kwenda kwenye vizito, akiacha wazi kila mahali panapotakiwa kung'aa. Alipopafunika hawezi kupafunua tena kikamilifu. Watu huzidharau kama rangi za watoto. Ukweli ni kwamba humwadhibu anayekosea kuliko mafuta yanavyofanya. Akriliki, zilizoenea katikati ya karne ya 20, ni plastiki iliyosambazwa ndani ya maji: maji yakishayeyuka, tabaka halirudi kuwa rangi mbichi, na unaweza kupaka juu yake muda uleule.

Hata kifungashio kimewahi kubadilisha sanaa. Mpaka katikati ya karne ya 19 rangi za mafuta zilihifadhiwa kwenye vibofu vya nguruwe, vilivyopasuka na kukausha rangi. Mwaka 1841 mchoraji Mmarekani John Goffe Rand alipata hataza ya tyubu ya bati inayominywa. Baada ya hapo mchoraji aliweza kubeba rangi zake zote shambani au ufukweni na kumaliza picha hukohuko, na bandari ya Monet ingekuwa vigumu kuiwaza bila tyubu hiyo.

Kupunguza, kuongeza, kumimina

Sanamu hutengenezwa kwa njia chache sana ukizitafuta mizizi. Unapunguza kutoka kwenye kitu kigumu, unaongeza kitu laini, unamimina kwenye kalibu, au unaunganisha vipande vilivyokuwepo tayari.

Kuchonga ni kupunguza. Patasi ikiondoa, imeondoa. Jiwe la marumaru ambalo Michelangelo alilichonga Daudi kati ya mwaka 1501 na 1504 lilikuwa limeanzwa na wengine na kutelekezwa kwa miongo kadhaa. Lilikuwa refu, jembamba, na tayari lina alama za patasi za watu wengine. Sanamu ya mita 5.17 ikatoka humo. Ukizunguka nyuma ya mguu wake wa kulia utaona kisiki cha mti. Wengi hudhani ni pambo. Marumaru hubeba uzito vizuri unaposhuka moja kwa moja, lakini likivutwa au kupindwa huvunjika, na vifundo viwili vya miguu visingeweza peke yake kulibeba pande la mwili lililo juu yake. Kisiki ni nguzo. Warumi walipoiga kwa marumaru sanamu za shaba za Wagiriki, walilazimika kuongeza visiki vya namna hiyohiyo ambavyo kazi za awali hazikuwa navyo. Ukiviona, shuku kwamba umbo lilizaliwa kwenye shaba.

Shaba haihitaji kisiki. Giambologna, mchongaji wa Italia wa karne ya 16, alimsimamisha Merkuri, mungu wa Kirumi, kwa ncha ya mguu mmoja, mkono umeinuliwa juu, mguu wa pili hewani, na hakuna kinachomshikilia. Shaba inaweza hivyo kwa sababu sanamu huwa tupu ndani na metali hiyo ina uwezo wa kuvumilia kuvutwa.

Namna ya kusubu inastahili kuelezwa hatua kwa hatua, maana ni miongoni mwa fikra nzuri kabisa za binadamu. Msanii huanza na kiini cha udongo chenye umbo la jumla. Juu yake hupaka nta, unene wa nta ukiwa ndio unene ambao shaba itakuwa nao. Kwenye nta hiyo hufanya kazi yake yote laini: mikunjo ya midomo, nywele, kucha. Nta ni rafiki, ikikosewa hupashwa moto na kulainishwa. Kisha huongeza vijiti vya nta vitakavyokuwa njia za shaba kuingia na hewa kutoka, na kuifunika yote kwa udongo, tabaka la kwanza likiwa laini sana ili linase kila alama. Kiini hufungwa kwa pini za chuma kisicheze. Kalibu ikipikwa, nta huyeyuka na kutoka, ikiacha uwazi wenye umbo la sanamu. Shaba iliyoyeyuka humiminwa kwenye uwazi huo. Ikipoa, udongo huvunjwa.

Tangu hatua ya moto, hakuna kurudi. Nta haipo, kalibu itavunjwa, na kama hewa ilikosa njia ya kutokea shavu la sanamu litakuwa na tundu. Ndipo unapoelewa uzito wa vichwa vya Ife, Nigeria, vilivyosubiwa kati ya karne ya 12 na ya 15. Kuta zake ni nyembamba, nyuso zake tulivu na zenye mistari midogo sana, na baadhi ni za shaba karibu tupu, ambayo ni ngumu kusubu kuliko shaba iliyochanganywa na zinki au bati. Mwaka 1910 Mjerumani Leo Frobenius alipokutana na sanaa ya Ife alidai ni mabaki ya Wagiriki waliopotea wa Atlantis, kisiwa cha hadithi za kale, kwani hakutaka kuamini kwamba mafundi wa hapohapo waliijua kazi hiyo. Mbinu yenyewe ilikuwa ushahidi wa kumkanusha: kazi kama hiyo haitoki kwa mtu mmoja aliyepita njia, inahitaji vizazi vya mafundi waliokosea, wakavunja kalibu, wakajaribu tena.

Ufinyanzi ni kuongeza, na hakimu wake ni tanuri. Chombo chenye unyevu kikiingizwa motoni, maji hugeuka mvuke na kukipasua. Kwenye joto la nyuzi 573 chembe za kwatsi (madini magumu yanayopatikana kwenye mchanga) ndani ya udongo hubadilika umbo ghafla na kutanuka, na wakati wa kupoa hurudi. Mfinyanzi akiharakisha hapo, ufa. Udongo wa kawaida huiva kwenye nyuzi 1,000 hivi, kaure huhitaji karibu 1,300 na udongo mweupe maalumu uitwao kaolini, na ndiyo sababu Ulaya ilinunua kaure ya China kwa miaka mingi kabla ya kiwanda cha Meissen, Ujerumani, kuanza kuitengeneza mwaka 1710.

Nakala ambazo ni asili

Hapa ndipo wasomaji wengi huchanganyikiwa. Wanasikia "chapa" wakadhani ni picha ya picha, kama bango. Chapa ya sanaa haina asili nyingine nyuma yake. Kwa chapa za ubao za Japani ni hivyo kwa maana halisi kabisa: Hokusai alipochora wimbi lake maarufu la Kanagawa, takriban mwaka 1831, mchoro wake kwenye karatasi nyembamba ulibandikwa kifudifudi kwenye ubao wa mcheri, na mchongaji akakata akipita katikati ya karatasi. Mchoro ulikufa ili chapa izaliwe. Kila rangi ilichongewa ubao wake, na pembeni mwa kila ubao kulikuwa na alama za kupangia karatasi, rangi zisipishane. Mchapaji alipaka rangi na kusugua karatasi kwa mkono. Kazi moja, mafundi watatu, nakala maelfu, na kila moja ni halali.

Chapa ya ubao huchapa sehemu iliyobaki juu. Ya bamba la shaba huchapa sehemu iliyochimbwa: wino huingia kwenye mikwaruzo, uso hupanguswa, na karatasi yenye unyevu hukandamizwa kwa nguvu mpaka ivute wino kutoka ndani. Rembrandt alipenda njia ya asidi, ambapo bamba hupakwa nta, msanii huchora kwa sindano juu ya nta, na asidi hula shaba pale tu palipofunuliwa. Kinachonivutia ni kwamba bamba linaruhusu kurudi. Chapa yake ya mwaka 1653 iitwayo "Misalaba Mitatu" aliitoa kwanza, kisha baadaye akalikwangua bamba na kulichora upya mpaka umati mkubwa ukamezwa na giza. Nakala za hatua zote mbili zipo, na unaweza kumwona akibadili nia.

Chapa ya jiwe, iliyovumbuliwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa karne ya 18, haina kuchimba. Inategemea mafuta na maji kukataana.

Mwanga, mwili, muda

Picha ya kamera ilianza ikiwa ya polepole kuliko brashi. Ile ya Nicéphore Niépce, ya mwaka 1826 au 1827, ilidai saa nyingi za jua. Kasi ilipokuja, mbinu ikawa kupanga mambo matatu yanayotegemeana: ukubwa wa tundu la lenzi, muda wa kufunguka, na wepesi wa filamu au kihisi kupokea mwanga. Tundu likiwa kubwa, kilichopo nyuma hufifia. Muda ukiwa mrefu, kinachosogea huacha mkia. Ukiongeza kimoja lazima upunguze kingine, na mpiga picha huamua yote hayo kabla ya kubonyeza.

Muziki, dansi na tamthilia zina nyenzo ambayo haisubiri mtu, nayo ni muda wenyewe. Noti iliyopigwa vibaya imeshasikika. Kwa hiyo mbinu yote huhamia kabla ya tukio, kwenye mazoezi, na kwenye mfumo wa maandishi unaowezesha kurudia. Muziki una noti zilizokomaa kwa karne nyingi. Dansi ilichelewa, na mfumo wa Rudolf Laban wa kuandika miondoko ulichapishwa mwaka 1928. Mwigizaji wa jukwaani akisahau mstari hana pa kujificha, ndiyo maana hufundishwa kupumua na kumsikiliza mwenzake kabla ya kufundishwa kulia.

Filamu ilitoka kwenye kamera na jukwaa ikawa kitu cha tatu. Ndugu Lumière waliwaonyesha watazamaji wa kulipia filamu zao mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, na kazi zao zilikuwa za pigo moja bila kukatwa. Ugunduzi mkubwa ulikuja mtu alipochukua mkasi. Lev Kuleshov wa Urusi anakumbukwa kwa jaribio ambalo uso uleule wa mwigizaji, bila badiliko lolote, uliwekwa karibu na sahani ya supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Watazamaji waliona njaa, huzuni na tamaa. Maana haikuwa usoni. Ilikuwa kwenye kiungo kati ya picha mbili, na mhariri wa filamu hufanya kazi yake yote hapo, akijaribu kiungo hiki na kile.

Kazi za kompyuta zimepeleka uwezo huo mbali zaidi: kila tabaka la picha hukaa peke yake, kila hatua hurudishwa nyuma kwa kubonyeza. Bado kuna uchaguzi unaofanywa mwanzoni kabisa na kuleta majuto mwishoni. Picha iliyojengwa kwa nukta ina idadi maalumu ya nukta, na ikikuzwa ukutani nukta hizo huanza kuonekana. Iliyojengwa kwa mistari inayokokotolewa hukuzwa bila kikomo, lakini ngozi, moshi na majani hutoka ndani yake kwa shida sana. Kwa hiyo mchoraji wa kompyuta huamua aina ya faili na ukubwa wake kabla ya mstari wa kwanza.